Toeni miradi yenu kwenye bredibodi!

Haya wadau, leo siandiki siasa. Najua kuna watakaonuna, lakini Bunge lipo Dodoma na halikimbii. Leo nina ugomvi na kipande cha plastiki.

Nasema hivi: bredibodi, kile kibao cheupe chenye matundu ambacho kila anayeanza kuchezea Arduino anauziwa siku ya kwanza, ni kifaa kizuri sana cha kujaribia wazo jioni moja. Kwa kila kitu kingine ni kifaa kibovu. Na vijana wetu waliosoma, wenye digrii zao na kompyuta zao za mapajani, wamekifanya kuwa mwisho wa safari. Kitu kinawaka kwenye bredibodi, kinapigwa picha, kinatupiwa Instagram, watu wanapongeza, biashara imekwisha. Wiki ya pili hakifanyi kazi na hakuna anayeuliza.

Kwa wale ambao hawajawahi kuigusa: bredibodi ina matundu yaliyopangwa kwa umbali wa milimita 2.54, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi. Chini ya kila safu ya matundu matano kuna kibanio cha chuma. Unachomeka mguu wa rezista, kibanio kinaubana, unachomeka waya tundu la pembeni, tayari vimeungana. Hakuna kulehemu, hakuna moshi, ukikosea unachomoa. Jina lenyewe limetokana na watu wa redio wa zamani ambao walikuwa wakichukua ubao wa kukatia mkate, wanapigilia misumari na kuzungushia nyaya. Hizi za plastiki zilikuja miaka ya 1970. Ndogo ina matundu 400, kubwa 830. Kwa kazi ya kujaribu, hakuna kitu rahisi kama hicho, na sina nia ya kukitukana kwa kazi hiyo.

Lakini hebu fikiria hicho kibanio. Saketi yako yote imeshikiliwa na chemchemi ndogo za chuma. Chomeka pini nene ya mraba mara kadhaa, chemchemi inalegea, na siku utakapochomeka mguu mwembamba wa rezista kwenye tundu hilohilo, unaelea tu mle ndani. Kwa nje huoni kitu. Ongeza na hali ya mji wetu wa Dar: unyevu, chumvi ya bahari, vumbi la barabara inayochimbwa kila mwaka, feni inayotikisa meza. Chuma kinachafuka, mgusano unakuwa mzuri leo, mbaya kesho, mzuri tena keshokutwa. Na hakuna kosa baya kwenye elektroniki kama kosa linalokuja na kuondoka. Kitu kilichokufa kabisa utakigundua kwa maltimita ndani ya dakika kumi. Kitu kinachokufa saa nane za usiku na kufufuka ukiwasha taa kitakuzeesha.

Najua mtasema, "Mimi nawasha taa za LED tu, bwana." Sawa, endelea. Taa ya LED ikizimika hakuna msiba. Mimi nazungumza na wale wanaosema wanatengeneza vitu vya kutumika.

Chukua mashine ya kutotolesha vifaranga, maana kila mwanafunzi wa umeme siku hizi ana mradi wa kuku. Yai la kuku linahitaji nyuzi joto 37.5 hivi, kwa siku 21, usiku na mchana. Maikrokontrola inasoma kihisi joto, joto likishuka inawasha balbu au hita, likipanda inazima. Rahisi. Kihisi ambacho wengi wanakitumia ni DS18B20, kidude chenye miguu mitatu. Sasa sikiliza kinachotokea waya wa data ukilegea kwenye bredibodi. Maktaba ya programu ambayo karibu kila mtu anaitumia kwenye Arduino haisemi "sijui". Inarudisha namba: -127. Ndiyo, nyuzi 127 chini ya sifuri! Na programu ya mwanafunzi wetu, ambayo imeandikwa kwa mstari mmoja wa "kama joto ni chini ya 37.5 washa hita", inaona -127 na kufanya kile ilichoambiwa. Inawasha hita. Na haizimi. Asubuhi mama wa watu anafungua mashine anakuta mayai yaliyochemka.

Kuna namba nyingine, 85, ambayo kihisi hicho hutoa kikiwa kimewashwa upya na bado hakijapima chochote. Hiyo inafanya kinyume: programu inadhani kuna moto na inazima hita. Ikitokea mara moja si kitu. Ikitokea kila baada ya dakika chache kwa sababu waya wa umeme unacheza kwenye tundu lake, mayai yanapoa. Mwandishi mzuri wa programu atakataa namba zote mbili, na namsifu. Lakini anatibu homa wakati malaria iko palepale.

Ndipo wanapokuja wale wa ESP32. Hii ni chipu iliyotoka mwaka 2016, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, na kwa kweli ni mali: ina Wi-Fi, ina Bluetooth, ina nguvu kuliko Arduino Uno kwa mbali. Kila mtu anaihamia. Ila bodi zake nyingi ni pana mno. Ukiichomeka kwenye bredibodi unabakiwa na safu moja ya matundu upande mmoja, na upande wa pili hakuna hata tundu la dawa. Watu wanaunganisha bredibodi mbili ubavu kwa ubavu, wanaita ubunifu. Halafu Wi-Fi ikianza kurusha, chipu inavuta mkondo wa zaidi ya miliampia 200 kwa mpigo. Kwa adapta nzuri na waya mzuri si kitu. Kama umeme huo unapitia vibanio vinne vilivyolegea na nyaya nyembamba kama nywele, volti zinashuka, chipu inajilinda, inajizima na kuanza upya. Inaunganisha Wi-Fi, inazimika. Inaunganisha, inazimika. Mwenye mradi anakaa wiki nzima akibadilisha programu! Nimeshakaa na watu wa namna hii mpaka saa sita usiku. Programu haina kosa hata moja. Kosa ni kile kibao cheupe.

Mwaka jana nilitumwa kuandika habari ya maonyesho ya miradi ya mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja, nisingependa kukitaja. Nilipita meza kwa meza. Kuna mita ya maji, kuna mlango unaofunguka kwa kadi, kuna kipima unyevu cha shamba, kuna hiyo mashine ya kuku. Karibu meza zote, bredibodi, na juu yake msitu wa nyaya za rangi. Kwenye meza ya kipima unyevu cha shamba walikuwa vijana wawili. Mmoja anaeleza kwa Kiingereza kizuri kabisa. Mwenzake amesimama kimya, mkono wake uko nyuma ya boksi. Nilidhani ana aibu. Nilipozunguka upande wa pili nikaona: alikuwa amebana waya kwa kidole, asipoubana kioo kinazimika. Kifaa cha kwenda shambani, wadau! Kwenye jua, mvua, na mbuzi!

Nilimuuliza mwalimu wao kama kuna maksi za kukihamishia kifaa kwenye bodi ya kulehemu. Akanijibu kwa upole kwamba huo ni mfano wa awali tu. Hili neno "mfano wa awali" limekuwa kichaka cha kujifichia. Mfano wa awali wa nini, kama hakuna wa pili? Kijana anapata alama yake, anavaa joho, kifaa kinafunguliwa kipande kwa kipande ili mwaka unaofuata vipuri vitumike kwa mwingine. Mkulima aliyetajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti hajawahi kukiona wala hatakiona. Na magazeti yanaandika "Wanafunzi wabuni mtambo".

Sasa niseme lile ambalo litawaudhi baadhi yenu. Sababu ya bredibodi kupendwa na wasomi siyo urahisi peke yake. Ni kuogopa kulehemu. Na kuogopa kulehemu kunakuja na dharau. Kulehemu ni kazi ya fundi redio, yule mzee aliyekaa kwenye kibanda pale mtaani, miwani imefungwa kwa waya, ameinamia redio ya mtu huku moshi unampanda usoni. Sisi tumesoma, sisi tunaandika programu, sisi hatuchafuki. Yule mzee hajui Wi-Fi ni nini, lakini redio aliyoilehemu miaka kumi iliyopita inatangaza mpira hadi leo. Msomi wetu anajua kila kitu na kazi yake haijawahi kumaliza mwezi. Nani mhandisi hapo?

Chaguo langu ni verobodi. Ni bodi ya kahawia yenye matundu, umbali uleule wa milimita 2.54, na upande wa chini ina mistari ya shaba inayopita kutoka ukingo hadi ukingo. Ilianzia Uingereza kwenye kampuni ya Vero zaidi ya miaka 60 iliyopita. Nimeipata Kariakoo, na Nairobi nimeiona Luthuli Avenue, kwa hiyo msiniambie habari za kuagiza. Uzuri wake ni kwamba anayeielewa bredibodi ameshaielewa verobodi. Kila mstari wa shaba ni kama safu ya bredibodi, ila ni mrefu. Unapotaka uishie, unaukata: chukua keke ya kutobolea ya milimita 4, iweke kwenye tundu, izungushe kwa vidole mara chache mpaka shaba iondoke. Huhitaji hata mashine.

Arduino Nano ina pini 15 kila upande, kwa hiyo chini yake unakata mara 15 ili upande wa kushoto usigusane na wa kulia. Chipu ya ATmega328P yenyewe ikiwa peke yake, yenye miguu 28, unakata mara 14. Na hakuna haja ya kulehemu Nano moja kwa moja. Lehemu soketi, kisha Nano unaichomeka juu yake, siku ukiihitaji kwa kazi nyingine unaichomoa. Wale mnaolia kwamba kulehemu kunapoteza bodi ya bei, hoja yenu imekufa hapo.

Uno msijaribu kuilaza juu ya verobodi. Nafasi kati ya pini namba 7 na namba 8 kwenye Uno ni milimita 4.06, haiingii kwenye mpangilio wa 2.54 kwa namna yoyote. Lilikuwa kosa la uchoraji la siku za mwanzo za Arduino huko Italia, na likaachwa ili bodi za kupachika juu yake ziendelee kuingia. Dunia nzima inaishi na kosa la mtu mmoja aliyechoka! Ndiyo maana nasema anayeanza leo anunue Nano, si Uno, hata kama Uno inapendeza mezani.

Kitu kinachowatisha wengi kwenye verobodi ni mistari kushikana. Ni kweli, nafasi kati ya mstari na mstari haifiki milimita moja, na tone la lehemu likizidi linaruka kwa jirani. Dawa yake ni dakika tano. Ukimaliza, pitisha ncha ya kisu kwenye kila mfereji kati ya mistari, kisha shika maltimita, weka kwenye mlio, pima kila mstari na jirani yake kabla hujawasha umeme. Ikilia pasipotakiwa, unayeyusha na kufuta. Usikae na chuma cha moto sehemu moja zaidi ya sekunde mbili tatu, shaba ya bodi za kahawia inabanduka. Fungua dirisha, na kama lehemu yako ni ile yenye risasi, nawa mikono kabla ya kula chapati. Basi. Hiyo ndiyo sayansi yote iliyowashinda wenye digrii.

Tahadhari moja siwezi kuipita kwa utani. Umeme wa ukutani, volti 230, usiukaribishe kwenye bredibodi, na usiukaribishe kwenye verobodi pia. Ile nafasi isiyofika milimita moja haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Relei ya hita nunua ile iliyokuja kwenye bodi yake, yenye skrubu za kufungia nyaya nene, iweke mbali na bodi yako, ndani ya boksi lililofungwa. Nimeona mtu amepitisha umeme wa balbu ya kuku kwenye bredibodi na anaonyesha kwa fahari. Nilirudi nyuma hatua mbili.

Kuna wale watakaosema verobodi ni ya kizee, siku hizi unachora bodi yako kwenye KiCad, programu ya bure kabisa, unatuma faili Shenzhen, wanakuletea bodi nzuri za kijani. Hawa nawaheshimu, tena wako sahihi nusu. Kiwanda kinatangaza bodi 5 za sentimita 10 kwa 10 kwa dola 2 au zaidi kidogo. Dola 2! Usafiri ndio unaokuzidi bei ya bodi zenyewe mara kadhaa, na unasubiri. Shida yangu si hela. Shida ni kwamba ukikosea mstari mmoja kwenye mchoro, unaletewa kosa hilo mara tano, limechapwa vizuri, lina rangi ya kijani. Kwenye verobodi kosa ni waya mmoja, unachomoa, unalehemu pengine, unaendelea. Tengeneza ya kwanza kwenye verobodi, iache ifanye kazi kweli mahali pake, ikuonyeshe aibu zako zote. Ukihitaji ya pili na ya kumi, hapo tuma Shenzhen, na nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi.

Wengine watanielekeza kwenye zile bodi zenye tundu moja moja, kila tundu na kijiduara chake cha shaba, hakuna mistari. Siwapingi sana. Zinafaa ukiwa na mkono uliokomaa. Kwa anayeanza, kila muungano ni waya wa kukunja na kulehemu mwenyewe, na ukigeuza bodi unakuta kiota cha ndege. Zipo pia bodi za kulehemu zilizopangwa sawasawa kama bredibodi, safu tanotano. Hizo ni nzuri, unahamisha mradi tundu kwa tundu bila kufikiri. Ukizipata, chukua. Mimi sina ugomvi na mtu aliyelehemu, kwa bodi yoyote ile.

Ugomvi wangu ni na vyuo, na nitausema wazi. Mradi wa mwaka wa mwisho usipokelewe ukiwa kwenye bredibodi. Uje umelehemiwa, umefungwa kwenye boksi, hata kama ni kopo la plastiki la aiskrimu, na uwe umewashwa wiki tatu mfululizo bila kuguswa. Wiki tatu si namba niliyookota, ni muda wa yai la kuku. Mwalimu asiulize kifaa kinafanya nini. Aulize kilizimika mara ngapi, na kwa nini. Hilo swali moja lingebadilisha maonyesho yote niliyoyaona. Nusu ya vijana wangerudi kulehemu usiku huohuo, na nusu ya miradi ingepungua ukubwa, maana mtu anayejua kwamba kitu chake kitakaa wiki tatu hataweka vihisi kumi na viwili kwa ajili ya kupendezesha ripoti. Ataweka viwili, na vyote viwili vitapima.

Nimeambiwa tayari na rafiki zangu wawili kwamba nawakatisha tamaa vijana, kwamba bredibodi ndiyo inayowaingiza watu kwenye fani. Kuingia, sawa. Mlango ni mzuri, nimesema tangu mwanzo. Ila tumewaacha watu wamesimama mlangoni miaka minne, halafu tunawapa cheti cha kuishi ndani.

Anayenipinga alete mradi wake ulio kwenye bredibodi. Tutauweka juu ya friji linalotetema, nyumbani kwangu, kihisi ndani ya mashine ya kutotolesha, tuuache siku 21. Mayai nitanunua mimi, trei nzima.